Mayai Yaliyopauka Upande Mmoja

Chumba cha mayai kilikuwa juu kabisa ya jengo la makumbusho, na ngazi zake za chuma hazikuwa na huruma na mtu. Afande Sindano alifika juu akihema na kulaani aliyezijenga. Jina la Sindano alipachikwa na wenzake kituoni kwa ajili ya maswali yake, naye hakulikataa, maana raia walikuwa na majina mabaya zaidi ya kuwaita polisi.

"Hapa pananuka dawa ya mende," alisema Koplo nyuma yake.

"Basi usiguse kitu ukafa. Sina fomu ya kuandikia kifo chako."

Mezani palikuwa na visanduku vitano vya mbao vilivyorudi kutoka mahakamani na lakiri zake. Sindano alizikata, akafungua kimoja kimoja. Ndani, juu ya pamba, yalilala mayai madogo ya mnana, yule ndege wa manjano anayesuka kiota cha kuning'inia. Yalikuwa ya bluu iliyopauka, yenye vidoa vichache vya kahawia. Mazuri, ukitaka kusema hivyo. Lakini ndiyo yaliyomweka kijana wa watu rumande, na Sindano aliyatazama kwa chuki.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Wakazi wa mtaa mmoja walikishtaki kiwanda cha kuyeyusha betri kilichojengwa ubavuni mwao, wakisema madini ya risasi yanayotoka kwenye moshi wake yanawaharibu watoto. Wakili wa kiwanda akasimama na suti yake akauliza: mnajuaje kwamba watoto hawa hawakuwa hivi tangu zamani? Swali la kishenzi, lakini la kisheria. Nani humpima damu mtoto mzima? Hakuna aliyekuwa na cha kuonyesha kabla na baada.

Hapo ndipo kijana mtafiti wa makumbusho alipojitokeza. Yeye alikuwa mtoto wa mtaa uleule, dada yake bado aliishi chini ya ukuta wa kiwanda, na mpwa wake alikuwa miongoni mwa wagonjwa. Makumbusho yalikuwa na mayai ya minana yaliyochukuliwa kwenye miti ya mtaa ule kabla kiwanda hakijajengwa. Yeye akachukua mapya kwenye miti ileile. Ya zamani yalikuwa na maganda mazito na madoa machache. Mapya, alisema, yana maganda membamba kama karatasi na yamejaa madoa meusimeusi. Kabla na baada, hiyo hapo.

Siku ya kikao visanduku vikafunguliwa mbele ya hakimu, na lo! Mayai safi, mazito, ya kawaida kabisa. Mtaalamu mkuu wa mayai wa makumbusho, mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Mama Mayai, aliitwa ayatazame. Akavaa miwani, akasema hayana kasoro yoyote. Kijana akatiwa mbaroni palepale kwa kughushi ushahidi. Wakazi wakapewa nafasi moja tu: kikao kijacho walete mayai ya kweli, la sivyo kesi inafutwa.

Kijana alisema mayai yake yamebadilishwa. Sindano alikuwa amesikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa kila aliyewahi kulala rumande. Ila alikuwa na tabia moja iliyomchosha hata mwenyewe, kwamba hawezi kufunga jalada kabla hajakanusha uongo kwa mkono wake.

"Niitie mlinzi," alisema.

Mlinzi aliingia kofia mkononi, akakaa nusu kiti.

"Funguo za chumba hiki ni ngapi?"

"Mbili, Afande. Mmoja wa kijana, mmoja wa Mama Mayai."

"Na wa akiba?"

"Ulipotea zamani. Tuliomba mwingine. Mpaka leo tunaomba."

"Siku zile kabla ya kesi, nani aliingia humu ambaye si mfanyakazi?"

"Hakuna."

Sindano alimtazama tu. Mlinzi akaanza kujikuna shingo.

"Hakuna... labda yule dereva."

"Dereva gani?"

"Wa kiwanda."

Koplo aligeuka dirishani kama aliyechomwa na mwiba.

"Dereva wa kiwanda cha betri kaingia humu, na hukumwambia mtu?"

"Ni shemeji yangu, Afande! Kamwoa dada yangu wa mwisho. Alikuja kunijulia hali, tukanywa chai getini. Sasa shemeji nimfukuze?"

"Alipanda juu?"

Mlinzi aligeuza kofia mkononi. "Aliomba choo."

"Na choo kiko wapi?"

Mlinzi alinyoosha kidole taratibu. Choo kilikuwa ng'ambo ya ukumbi, mlango kwa mlango na chumba cha mayai.

Mlinzi alipotoka, Koplo alikuwa ameshashika pingu. "Tumemaliza, Afande. Nikamzoe dereva?"

"Kufuli halijavunjwa."

"Waliazima ufunguo kwa huyu huyu."

"Huyu hana ufunguo, amekwambia. Kaa chini." Sindano aliinua yai moja, akaligeuza. Ubavuni lilikuwa na kitundu kimoja kidogo safi, cha kutolea ute wake zamani. Akaligeuza lingine, na lingine. Yote yalilazwa kitundu chini, upande mzuri juu. Na kila kisanduku kilikuwa na mayai yanayofanana kwa madoa, kana kwamba yalitoka kiwandani. Akafungua droo moja ukutani kulinganisha. Ndani mlikuwa na mayai ya kila namna, na kila moja lilikuwa limeandikwa namba ndogo ya wino juu ya ganda. Ya visandukuni hayakuwa na namba.

"Unaona nini?" Koplo aliuliza.

"Naona hatujui kitu kuhusu mayai," alisema Sindano.

*

Kijana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na miwani iliyofungwa uzi pembeni. Alikuwa amekonda. Alipoona Sindano ni mwanamke mtu mzima, akaanza moja kwa moja.

"Mama, naapa kwa Mungu..."

"Usiniapie. Niambie yai linapataje rangi."

Kijana alishusha mkono wa kiapo. Kisha, jamani, uso wake ulibadilika, akawa kama mtu aliyerudishiwa nguo zake.

"Rangi ni mbili tu, Afande. Mayai yote ya ndege uliyowahi kuyaona, ya bluu, ya kijani, yenye madoa, yasiyo na madoa, yote ni mchanganyiko wa hizo mbili, au hayana hata moja. Ya kwanza ni kahawia yenye wekundu. Hiyo ni ndugu wa damu, mwili unaipata njiani unapotengeneza damu. Ya pili ni bluu inayokwenda kijani. Hiyo ni ndugu wa nyongo. Mama ndege anapaka yai tumboni kabla hajalitaga."

"Na kwa nini hayafanani?"

"Hapo ndipo watu wanapogombana." Alisogea mbele. "Anayetaga chini anapaka rangi ya udongo, adui asione. Wa nchi za baridi anapaka giza, yai lipate joto la jua. Mnana ana shida nyingine, kuna ndege mvivu anayekuja kutaga kwenye kiota chake. Kwa hiyo kila mama mnana ana mchoro wake, kama sahihi, na haubadilishi mpaka anakufa. Akikuta yai lisilo na sahihi yake, analitupa."

"Na madoa yako wewe?"

"Ganda ni chokaa. Mama akikosa chokaa, au risasi ikikaa mahali pa chokaa mwilini, ganda linatoka jembamba. Pale palipo pembamba anaweka doa la kahawia. Ni kiraka, Afande. Anashona palipochanika. Ukiona yai limejaa madoa meusi, yule mama ana hali mbaya."

"Mama Mayai anakubaliana na hilo?"

Kijana aliangalia mikono yake. "Mwalimu anasema rangi ni ya kujifichia, basi. Ndiyo kazi yake ya maisha yote. Tulibishana, lakini kwa heshima."

"Wapi?"

"Kwenye mkutano wa wataalamu. Nilionyesha mayai yangu. Watu walisimama wakapiga makofi."

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa amekaa." Akainua macho haraka. "Afande, usifike huko. Nilikuja makumbusho sina mbele wala nyuma, yule mama ndiye aliyenipa chumba nyumbani kwake. Nimekula mezani kwake kama mwanawe. Mahakamani alikosea tu, miwani yake imezeeka. Mtafuteni mtu wa kiwanda."

"Mtu wa kiwanda tunaye. Dereva." Sindano alisubiri aone furaha ipande usoni mwake, kisha akasema, "Sasa nisaidie. Kila kisanduku kina mayai ya mama mmoja?"

"Ndiyo. Niliona palepale kizimbani. Sahihi moja kila sanduku."

"Dereva angejua kuyapanga hivyo?"

Kijana aligusa ule uzi wa miwani yake. Alikuwa msomi, na jibu lilikuwa mbele yake kama sahani. Hakulishika.

"Angechanganya," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Kuna namna ya kujua yai limekaa wapi?"

"Kuna taa," alisema, sasa bila hamu. "Ile ya zambarau wanayopimia noti bandia madukani. Rangi ya kahawia chini ya taa ile inang'aa nyekundu. Lakini ukiliacha yai kwenye mwanga miaka mingi, inakufa. Haing'ai tena. Ndiyo maana tunayafungia kwenye droo za giza."

Sindano alisimama. Alipofika mlangoni kijana alimwita.

"Afande. Dada yangu bado yuko hapo nje?"

"Yuko kwenye benchi na mtoto. Haendi popote."

"Mwambie ale."

*

Taa ilitoka duka la jumla la jirani, na mwenye duka aliitoa kwa kununa, akasema akipokea noti bandia leo atakuja kudai kituoni. Koplo alivuta mapazia ya chumba cha mayai. Sindano akaliweka yai la kwanza kwenye pamba, upande mzuri juu kama lilivyolazwa, akawasha.

Hakuna kitu. Yai lilikaa kimya, la kijivu.

"Limekufa," alisema Koplo.

Sindano aliligeuza. Upande wa chini, wenye kitundu, vidoa vyote viliwaka vyekundu, vyekundu hasa, kama makaa.

"Mama yangu!" Koplo alisema, akarudi nyuma hatua.

Waligeuza yote, kisanduku baada ya kisanduku. Yote yalikuwa vilevile: juu yamekufa, chini yanawaka. Sindano alivuta kiti akakaa. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, ingawa alikuwa anajifundisha mwenyewe.

"Kijana aliyachukua yake msimu uliopita akayafungia gizani. Yangewaka kotekote. Haya yamelala kwenye mwanga miaka na miaka, kitundu chini, bila mtu kuyageuza. Na hayana namba. Ya kwenye droo yote yana namba, kwa hiyo aliyeyabadilisha hakuweza kuyatumia, yangemwumbua. Alihitaji mayai ya mnana yenye mama mmoja kila fungu, yasiyoandikwa. Sasa niambie, Koplo, katika jengo hili yai linalala wapi kwenye mwanga, na wanaliacha bila namba kwa sababu namba ingeharibu sura yake?"

Koplo alifikiri mdomo wazi. "Kwenye maonyesho," alisema. "Chini. Kwa ajili ya watu kuangalia."

Walishuka ngazi wakikimbia, magoti ya Sindano yapende yasipende. Ukumbi wa ndege ulikuwa mtupu. Mwisho wake kulikuwa na kabati kubwa la kioo lenye taa juu yake, na kioo kimefunikwa shuka jeupe. Kadi ilisema: Linakarabatiwa.

"Nani aliyelifunika?" Sindano alimuuliza mlinzi aliyekuja akitweta.

"Mama Mayai mwenyewe, Afande. Alisema bawaba zimelegea."

"Na ufunguo wake?"

"Anao yeye. Anauvaa shingoni, hata kwa dawa hauachi."

Sindano alivuta shuka. Mayai ya mbuni yalikuwepo, ya kanga yalikuwepo, ya bundi yalikuwepo. Kwenye rafu ya katikati, chini kabisa ya taa, pamba ilikuwa na mafungu matano ya vishimo vitupu. Bawaba zilikuwa nzima.

"Shemeji yako," alimwambia mlinzi, "kweli alikwenda chooni."

Mlinzi karibu alie kwa furaha. Sindano hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa ametamani awe dereva, mtu wa kiwanda, mtu wa kumchukia bila kufikiri. Sasa alikuwa na hasira iliyokosa pa kutua, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

*

Mama Mayai alikuwa nyumbani kwa likizo ya ugonjwa. Nyumba yake ilikuwa safi, sakafu imepigwa deki, na uani nyuma ya dirisha la sebule kuku wanene walikuwa wanachakura kwenye banda la waya. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyenyooka, nywele nyeupe, na ufunguo mdogo ulining'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mkwe, weka maji ya chai!"

Walikaa. Sindano hakupoteza muda kwa hali ya hewa. Alimweleza kuhusu taa, upande uliokufa na upande unaowaka, kabati na shuka. Mama Mayai alisikiliza akitikisa kichwa kidogo, kama mwalimu anayesahihisha.

"Umejifunza haraka," alisema. "Wanafunzi wangu wengine huchukua mwaka."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Niliyaondoa yasiyofaa nikaweka yanayofaa. Yule kijana ana pupa. Anaona doa, anaona sumu. Mimi nimeyatazama mayai tangu yeye hajazaliwa. Madoa ni madoa. Ndege anajificha, basi. Hakuna sumu pale."

"Ulimwacha afungwe."

"Nilidhani watamkemea tu. Sikujua watamfunga."

"Na ulipojua?"

Mama Mayai alitengeneza kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimepinda.

"Mayai yake yako wapi?" Sindano aliuliza. "Hakimu anayataka. Ukiyatoa leo, nitasema umeyatoa kwa hiari."

"Sijui yaliko. Huenda niliyatupa."

"Mtu wa mayai hatupi yai, mama. Umeyaficha wapi?"

Kabla hajajibu, mkwewe aliingia na sinia, mtoto mgongoni, akamimina chai. Alikuwa mwanamke mchangamfu, wa kusema linalomjia.

"Mtusamehe wageni, mkate mkavu. Mayai ya dukani yameisha."

Koplo alicheka, akaelekeza kidole dirishani. "Mayai ya dukani? Na hawa mabibi wote walioko uani?"

"Muulize mama huyo! Wanataga kila siku, na kila siku ananiambia nifukie. Eti wanaumwa. Kuku anayeumwa anakula vile? Tangu tuanze kununua mayai sijui..."

"Mkwe," alisema Mama Mayai. "Nenda jikoni."

Sauti ilikuwa kali mno kwa jambo dogo kiasi hicho. Sindano alikiweka kikombe chini bila kunywa.

"Mama," alisema, "kuku wako unawalisha nini?"

"Pumba."

"Na kwa ajili ya chokaa?"

Kila mfuga kuku anajua. Ganda halitupwi, linakaushwa, linasagwa, linarudishwa kwenye pumba, kuku apate chokaa ya kutengenezea mengine. Hata mama yake Sindano alifanya hivyo. Koplo, ambaye si mjinga hata akijifanya, alishanyanyuka akaelekea uani. Walimsikia akifukuza kuku, kisha akirudi. Aliweka mezani kopo la bati. Chini kabisa, kwenye masalia ya pumba, zilionekana chembe za maganda, za bluu, zilizojaa madoa ya kahawia iliyokolea.

Kuku gani hutaga yai la bluu lenye madoa? Mkwe, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, alisogea akachungulia, akashika mdomo.

"Hakuna sumu, umesema," Sindano alisema.

"Hakuna."

"Basi sawa. Dada, samahani, tuchemshie mayai ya uani. Matano yanatosha. Na huyo mtoto mgongoni umpondee lake, naona njaa inamsumbua."

Mkwe aliwatazama wote wawili, asijue acheke au la. Akageuka kuelekea mlango wa uani.

"Acha!" Mama Mayai alikuwa amesimama. Chai ilimwagika mezani ikaanza kudondoka sakafuni. "Usimpe mtoto! Nimekwambia hayaliwi!"

Hakuna aliyesogea. Mtoto alianza kulia kwa kelele ile. Mama Mayai alitazama mkono wake ulionyooka hewani, akaushusha, akakaa kama gunia lililoachwa.

"Kwa hiyo unajua," alisema Sindano.

"Nilijua nilipoyashika." Sauti yote ya ualimu ilikuwa imemtoka. "Nilikaa pale jikoni niyasage, yakavunjika kabla sijayabana. Vidoleni tu, yenyewe. Na kila yalipovunjika, doa lilikuwa pale pale palipo pembamba, kama alivyosema. Yai la mnana haliko hivyo. Nimeyashika maisha yangu yote, haliko hivyo."

"Hapo ndipo ungeacha."

"Mkono umezoea. Nilishaanza, nikamaliza, nikayamwaga kwenye pumba kama ninavyofanya siku zote. Asubuhi yake nilimwona mjukuu wangu na yai mkononi, nikalipiga likaanguka."

"Na kisha," Sindano alisema, akipima kila neno, "ukiwa unajua hayo yote, ukaenda mahakamani, ukavaa miwani."

"Ningesema nini?" Mama Mayai alimkazia macho, na machozi yalikuwa ya hasira zaidi kuliko majuto. "Kwamba nimekosea tangu siku ya kwanza? Kwamba kila nilichofundisha, kila nilichoandika, mtoto niliyempa kitanda amekivunja kwa picha chache na wakampigia makofi? Niambie wewe, ningesema nini?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa."

Mkwe alimtoa mtoto mgongoni akamkumbatia kifuani. "Mama," alisema, "yule shemeji yangu mtafiti yuko rumande kwa ajili ya hili? Yule aliyekuwa analala chumba cha uani?"

Mama Mayai hakumtazama. Aliuvua uzi wenye ufunguo shingoni, akauweka mezani kwenye dimbwi la chai, akanyoosha mikono kwa Koplo. Koplo alimfunga pingu taratibu, kama ilivyostahili umri wake, na Sindano alikasirishwa hata na huo upole.

*

Kijana alitolewa mchana. Alitia sahihi palipohitajika, akarudishiwa mkanda na viatu, akasikiliza habari za mwalimu wake amesimama, akishika ukingo wa kaunta. Hakulia. Aliuliza tu kama amepewa dawa yake ya presha, na askari wa zamu akasema ndiyo.

Kisha Sindano alimkabidhi mfuko wa nailoni. Ndani ulikuwa na kile ambacho Koplo alifaulu kukitenganisha na pumba, chembe za kutosha kujaza kijiko.

Kijana alikunjua karatasi kwenye kaunta, akazimwaga juu yake, akaanza kuzisogeza kwa ncha ya kalamu. Alitafuta sahihi, mama huyu na mama yule, mti huu na mti ule. Askari wa zamu aliacha kuandika akamtazama. Baada ya muda kalamu ilisimama.

"Zinatosha kumfunga mwalimu wako," alisema Sindano. "Amekiri, na kopo tunalo. Nimempigia wakili wa wakazi. Anasema kwa kesi yenu hazitoshi, na neno la shahidi aliyekwishadanganya halina uzito."

"Hajakosea. Siwezi kutambua hata kiota kimoja." Kijana alizirudisha mfukoni moja moja. "Zimechanganyika. Wakili wa kiwanda atauliza ni za mti gani, nitajibu nini? Ni maganda kutoka banda la kuku."

"Kachukue mengine. Si minana watataga tena?"

Aliyejibu ni dada yake, aliyekuwa amesimama nyuma yao bila wao kujua, mtoto mkono mmoja, khanga mkono mwingine.

"Watu wa kiwanda walikata miti," alisema. "Siku ileile kesi ilipokwama. Walikuja na misumeno, wakasema matawi yanaharibu ukuta. Viota vilianguka na vifaranga ndani. Hakuna hata mnana mmoja sasa."

Mtoto alikuwa wa umri wa kuzungumza mpaka akere watu. Mwaka jana, dada mtu alikuwa amemwambia Sindano pale kwenye benchi, aliimba nyimbo nzima. Sasa maneno yake yalikuwa yanapungua badala ya kuongezeka. Alimtazama mjomba wake aliyerudi, akanyoosha mkono kumgusa miwani, akatafuta jina lake mdomoni. Alilitafuta kwa bidii, paji la uso limekunjamana, na wote watatu walisubiri.

Halikuja.

"Ni mjomba," alisema mama yake, na kumfuta mdomo. Kisha akamgeukia Sindano. "Ahsante kwa kunirudishia mdogo wangu, mama."

"Nimeshindwa la pili, kesi yenu," alisema Sindano. Alilisema wazi kwa sababu hakuona njia nyingine ya heshima. "Sasa unampeleka wapi mtoto?"

Mwanamke yule alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. Alimhamishia mtoto kwenye nyonga nyingine, akajifunga khanga vizuri.

"Nyumbani," alisema. "Kwani tuna kwingine?"